Kula baada ya saratani ya titi: mwongozo kamili wa jikoni kwa Dodoma na kanda ya kati

Mwanamke akitoka hospitali na majibu ya saratani ya titi, kabla hajafika kwake ameshapewa orodha ya vyakula vya kuacha. Wifi anasema aache nyama, jirani anasema aache sukari na maziwa, mtu wa kwaya amemtumia sauti ya WhatsApp kuhusu majani ya mstafeli, na dereva bajaji ana shangazi yake aliyepona kwa juisi. Baada ya muda mgonjwa anaishi kwa uji mweupe na maji ya ndimu, nguo zinampwaya, na siku ya dripu, yaani dawa za saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, daktari anaahirisha dozi kwa sababu damu iko chini.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo na kwa yule anayempikia. Unaanzia na vitu vinavyopatikana soko la Majengo, Sabasaba au mnada wa kijijini. Hauchukui nafasi ya upasuaji, dripu, mionzi wala vidonge. Atakayekuambia uache dawa ufuate chakula chake, mshukuru kwa adabu uendelee na kliniki.

Chakula kinaweza nini, na hakiwezi nini

Kuna majaribio mawili makubwa ya Marekani ambayo kila anayezungumzia jambo hili angepaswa kuyajua. La kwanza, lililochapishwa 2006, lilichukua wanawake 2,437 waliokwisha kutibiwa saratani ya titi ikiwa bado changa. Waliopunguza mafuta kwenye chakula walirudiwa na ugonjwa kidogo kuliko wenzao: asilimia 9.8 dhidi ya 12.4 kwa takribani miaka mitano. La pili, la 2007, lilikuwa na wanawake 3,088. Kundi moja lilipewa lishe ya mboga na matunda mengi sana, nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Baada ya miaka zaidi ya saba hapakuwa na tofauti yoyote, si ya kurudiwa na ugonjwa wala ya vifo.

Kwa nini majibu yamepingana? Jambo moja linaonekana wazi: wanawake wa jaribio la kwanza walipungua uzito, kilo mbili na ushee kwa wastani. Wa pili walikula mboga kwa wingi lakini uzito wao haukuteremka. Wataalamu wengi wanaona hapo ndipo penye jibu, nami nakubaliana nao. Tafiti zilizofuata wanawake wengi baada ya matibabu zinaelekea huko huko, kwamba wenye unene wa kupindukia hufariki mapema zaidi kuliko wenye uzito wa kawaida. Hedhi ikishakoma, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza homoni ya estrojeni, na saratani nyingi za titi hulishwa na homoni hiyo. Unene pia hupandisha insulini. Tena aliyepona saratani bado ana moyo, na baadhi ya dawa za saratani, ile nyekundu ya dripu ikiwemo, huweza kuuchosha moyo huo. Wengi huja kuugua presha, kisukari au moyo miaka mingi baada ya titi kupona, na kwa magonjwa hayo chakula kina nguvu kubwa.

Ila tahadhari. Tafiti hizo ni za wanawake waliogundulika mapema na wengi wao walikuwa wanene. Kwetu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na wengine wameshakonda. Ushauri wa kupungua ukimfikia mtu wa namna hiyo unamuumiza. Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu chakula.

Hatua ya 1: Panda mizani

Pima uzito na urefu kwenye zahanati yoyote. Zidisha urefu kwa mita mara wenyewe, kisha gawanya kilo kwa jibu hilo. Mama wa mita 1.58 mwenye kilo 82: 1.58 mara 1.58 ni karibu 2.5, na 82 gawanya kwa 2.5 unapata karibu 33. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. Kati ya 18.5 na 24.9 uko vizuri. Kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia.

Andika namba hiyo na tarehe. Ukipungua asilimia 5 ndani ya mwezi bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mwenye kilo 60, iambie kliniki bila kungoja siku ya miadi. Mkono ukivimba au tumbo likijaa maji mizani itadanganya, kwa hiyo tazama pia mashavu na mapaja.

Ukiwa bado kwenye dripu au mionzi, au umekonda, fuata hatua ya 2 na uache kabisa mawazo ya kupunguza uzito. Ukiwa umemaliza na uzito umetulia au umezidi, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 2: Wakati wa matibabu, usipungue

Kipindi hiki mwili unajenga upya chembe za damu, ngozi ya mdomo na utumbo, na kidonda cha upasuaji. Unahitaji protini kuliko kawaida: gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 60 anatafuta gramu 72 hadi 90. Zinapatikana bila kuuza mbuzi. Mayai mawili yana gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa ni 16. Kikombe cha kunde zilizopikwa ni 13 hivi, konzi ya dagaa wakavu inakaribia 18, na vijiko viwili vikubwa vya karanga za kusaga vinatoa 7. Ugali na uji wa uwele navyo vinaleta zao, maana uwele una protini kuliko watu wanavyodhani.

Uji wa mgonjwa uko hivi. Koroga vijiko vinne vya unga wa uwele kwenye maji baridi mpaka madonge yaishe, umimine kwenye maji yanayochemka, ukoroge. Ukishaiva vizuri ongeza kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na karanga za kusaga zilizofumuliwa kwa uji kidogo pembeni, maana ukizitupa kavu zitagandana. Uchemke tena dakika chache. Uwe mwepesi wa kunyweka. Uji mzito unaonekana una lishe zaidi, lakini mwenye kichefuchefu utamshinda kwa vijiko vitatu tu, ilhali ule mwepesi ataumaliza funda kwa funda mpaka saa sita. Sukari kijiko kimoja haina neno. Ile habari kwamba sukari inalisha saratani imewanyima watu uji bure: mwili hutengeneza sukari ya damu hata kwa ugali na maharage, na saratani haifi njaa kwa sababu wewe umekosa chai tamu. Sukari nyingi ni tatizo la uzito, na tutaifikia.

Kichefuchefu mara nyingi huanzia puani. Hamishia jiko la mkaa mbali na chumba cha mgonjwa, na kitunguu kikaangwe akiwa nje anapunga upepo. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo. Mpe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usimwekee sahani iliyojaa.

"Mama, jaribu vijiko viwili tu."

"Mwanangu, nikinusa tu natapika."

Hapo usibishane naye. Toa sahani, rudi baada ya nusu saa na maziwa ya mgando ya baridi. Na kama dawa ya kutapika aliyopewa haimsaidii, rudini kliniki, maana zipo za aina nyingine.

Vidonda vikitoka mdomoni, weka pembeni ndimu, ukwaju, ubuyu na pilipili. Mlenda ndio unapata heshima yake sasa: unateleza, hauchomi, na unaushusha ugali mlaini bila kutafuna. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku.

Usafi ni nusu ya matibabu kipindi hiki, kwa kuwa kinga inashuka. Maziwa mabichi hapana, hata kama ng'ombe ni wa baba. Maziwa ya mgando yatengenezwe nyumbani kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza. Mayai yaive mpaka kiini kikauke, nyama isitoe damu, na kachumbari ya barabarani isubiri. Joto likifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kumeza vidonge vya homa na kusikilizia mpaka kesho kumewagharimu watu maisha.

Anayesafiri kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi, ambayo hugawanywa siku kwa siku kwa wiki kadhaa, abebe unga wa uji, karanga zilizochambuliwa na dagaa. Treni ya umeme imefupisha njia, ila chakula cha kununua Dar es Salaam kila siku kinamaliza hela haraka, na hapo mgonjwa huanza kuruka milo.

Kwa ndugu zetu wa Kondoa na kwingineko wanaofunga Ramadhani, na Wakristo wenye kufunga Kwaresima: mgonjwa ana ruhusa ndani ya dini yenyewe. Ongea na daktari na sheikh au padri wako mapema, kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya 3: Matibabu yakiisha, panga sahani upya

Hapa mambo yanageuka. Hamu ya kula inarudi, familia inafurahi na kumlisha mgonjwa kama mzazi, vidonge vya kuzuia homoni ya estrojeni vinaendelea miaka mitano hadi kumi, hedhi imekatika, na kilo zinaingia kimyakimya. Ni kipindi ambacho hakuna anayekemea unene, kwa sababu kila mtu alikuwa anaogopa kukonda.

Sahani yenyewe: nusu mboga za majani, robo ugali, robo kunde, choroko, mbaazi, samaki, kuku au nyama. Ugali uwe wa uwele, mtama au dona. Sembe nyeupe imeshaondolewa pumba, na nyuzinyuzi zimekwenda na pumba hizo. Mwanamke wa Chamwino aliyekulia ugali wa uwele na mlenda wa majani ya kunde ana sahani hii tangu utotoni. Anayehitaji kurudi nyumbani ni yule wa Area C aliyezoea chipsi zege saa tatu usiku.

Mafuta ndiyo yanayotuangusha zaidi, tena kwa sababu tunajivunia alizeti yetu. Ni mafuta mazuri, sina ugomvi nayo. Tatizo ni mkono. Mtazame mpishi yeyote: anainamisha dumu juu ya sufuria, anahesabu kwa macho, na anaongeza kidogo "ili mboga ing'ae". Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi. Sufuria ya mchicha ya watu watano inatosheka na vijiko vinne, na kinachozidi hapo kinakwenda kiunoni. Weka kijiko kining'inie shingoni mwa dumu na kitumike. Mlenda ukiwekwa karanga hauhitaji mafuta tena. Magadi yawe chembe, kwa sababu huingiza sodiamu kama chumvi, na chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Kisha chai. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36 za sukari. Soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana 25. Punguza kijiko kimoja, ulimi ukizoea punguza kingine. Ubuyu wa unga, unaokorogwa kwenye maji au uji, ni kinywaji kizuri na una vitamini C nyingi. Ule mwekundu wa pakiti uhesabu kama pipi.

Nyama nyekundu iwe gramu 350 hadi 500 kwa wiki baada ya kupikwa. Kwa wafugaji hili ni gumu kumeza, najua, lakini kuku wa kienyeji wa Singida na perege wa Mtera wapo. Nyama choma ikiliwa, kata pale palipoungua ukampe mbwa. Soseji ziache kabisa ukiweza.

Aliyezidi uzito alenge kupunguza asilimia 5 kwa miezi sita. Yule mama wa kilo 82 anatafuta kilo 4. Kupungua kwa kasi kunakula misuli, na misuli ndiyo inayobeba maisha baada ya dripu.

Jambo la kujaribu: kula cha jioni saa moja, na asubuhi usianze kula mpaka saa mbili. Wanawake wa lile jaribio la 2007 walipochambuliwa tena, waliokaa bila kula usiku chini ya saa 13 walionekana kurudiwa na ugonjwa zaidi. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo. Lakini hauna gharama, na unaua ule mlo wa pili wa saa nne usiku. Anayetumia dawa za kisukari au aliyekonda asifanye.

Karanga, mahindi na sumukuvu

Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua ini kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wengine walifariki. Sumu hiyo ya ukungu huharibu ini na husababisha saratani ya ini, na dawa nyingi za dripu hupitia kwenye ini hilo hilo. Kupika hakuimalizi. Karanga na mahindi yachambuliwe punje kwa punje kwenye ungo, mchana, penye mwanga: yaliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yaliyotobolewa na wadudu yatoke. Usiwape kuku wala usisagishe unga wa "makombo". Epuka karanga zilizosagwa tayari za kupima sokoni, kwa kuwa huwezi kujua zilisagwa zikiwaje. Nunua nzima usage mwenyewe.

Pombe

Kuna imani hapa mjini kwamba mvinyo mwekundu ni dawa kwa sababu unatoka kwenye zabibu. Zabibu za Hombolo, Mpunguzi na Makutupora ule na maganda yake. Mvinyo ni pombe, na pombe husababisha saratani ya titi. Utafiti wa Marekani wa 2010 uliwafuata wanawake 1,897 waliotibiwa ukaona kwamba waliokunywa vinywaji vitatu hadi vinne kwa wiki au zaidi walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 35 zaidi ya wasiokunywa. Wanzuki na pombe ya mtama zimo pia. Ushauri wangu ni kuacha. Kwenye ngoma au kipaimara shika juisi ya rozela isiyo na sukari nyingi, hakuna atakayeuliza.

Soya, maziwa na vyakula vinavyosingiziwa

Soya husemwa kuwa mwiko kwa sababu ina kitu kinachofanana na estrojeni. Huko Shanghai, wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya titi walifuatwa, na matokeo yakatolewa 2009: waliokula soya zaidi walifariki na kurudiwa kidogo kuliko waliokula kidogo. Kwa hiyo soya ndani ya uji wa lishe haina ubaya. Vidonge vya dondoo la soya ni jambo lingine, viache.

Maziwa hayajathibitika kurudisha saratani ya titi. Aliye mnene apendelee yaliyoondolewa mafuta na apunguze samli.

Maji ya magadi au soda ya kupikia "kuondoa asidi mwilini" hayabadilishi kitu. Mapafu na figo huishika asidi ya damu (kipimo cha pH) kati ya 7.35 na 7.45 usiku na mchana, unywe usinywe. Utakachopata ni chumvi nyingi na tumbo kuuma. Juisi ya bitiruti nayo inapaka mkojo rangi, haiongezi damu kwa kasi inayosemwa. Madini chuma yako kwenye maini, dagaa na kunde zikiliwa na ndimu au chungwa, na chai inywewe mbali na mlo huo.

Vidonge na majani

Usimeze vidonge vya vitamini, madini chuma au B12 wakati wa dripu bila kuandikiwa. Utafiti uliochapishwa 2020 uliwaona waliotumia chuma na B12 kipindi hicho wakirudiwa na ugonjwa zaidi. Majani ya mstafeli yana kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu, na visiwani Guadeloupe wanywaji wake walihusishwa na ugonjwa wa kutetemeka usiosikia dawa. Balungi huvuruga baadhi ya dawa mwilini. Mlonge kama mboga kwenye sufuria sawa, binzari kwenye mchuzi sawa. Vikigeuka kapsuli na chupa za mzizi, mpelekee mfamasia chupa yenyewe, usimsimulie tu.

Mifupa na miguu

Wanaotumia anastrozo au letrozo, vidonge vya kupunguza estrojeni, mifupa yao hupungua nguvu. Wanahitaji kalsiamu gramu moja na kidogo kwa siku: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani. Jua Dodoma halikosekani, litumie asubuhi. Tembea dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuhema lakini unaoweza kuongea, kabla jua halijakolea. Kazi za mkono wa upande uliopasuliwa zirudi taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi, uanze na dumu dogo.

Daftari la kliniki

Uwe na daftari la shule tu. Kila Jumapili andika uzito, idadi ya siku ulizotembea, na vidonge ulivyoruka. Ukurasa wa nyuma andika kila jani, chai na kapsuli uliyopewa na ndugu, pamoja na jina la aliyekupa. Siku ya miadi hospitali ya Benjamin Mkapa, General au kwingineko, anzia ukurasa huo wa nyuma, kisha uliza: uzito wangu uende upande gani, moyo wangu umepimwa lini, mifupa je, na nani afisa lishe wa hapa ninayeweza kumwona leo kabla sijapanda daladala.